Niania: Zamani watalii walilala hapa, leo wanapita malori tu

NIANIA, wilaya ya Mambasa – Anayefika Niania akitoka Kisangani anakuta barabara inagawanyika. Upande wa kushoto ni njia ya Wamba na Isiro. Mbele ni njia ya Epulu, Mambasa na Komanda, kisha Bunia ao Beni. Kwenye njia-panda hiyo malori yanasimama, madereva wanakula, mafundi wanakaza nati, akina mama wanapanga makemba na kwanga pembeni ya barabara. Nusu saa, saa moja, lori linaondoka na vumbi linabaki. Kwa vijana wengi waliozaliwa hapa, hiyo ndiyo kazi ya Niania: mahali pa kupita.

Wazee wanajua kwamba haikuwa hivyo siku zote. Kati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990, wakati nchi ilikuwa ikiitwa Zaire, malori ya namna nyingine yalipita hapa. Hayakubeba saruji wala bia. Yalibeba wageni kutoka Uingereza na nchi nyingine za mbali, waliokuwa wakivuka Afrika kwa wiki nyingi wakiwa na dereva na kiongozi wa msafara. Wengi walipitia Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakafika Kisangani, wakapumzika mjini, kisha wakashika barabara ya taifa namba 4, RN4, kwenda kuona okapi kule Epulu. Kutoka hapo walielekea Mont Hoyo, Beni, mbuga ya Virunga na Goma. Ilikuwa likizo iliyopangwa tangu Ulaya: mji kwanza, wanyama baadaye. Niania ilikuwa katikati ya njia, na msafara uliokutwa na giza ao na mvua ulilala hapa.

Mzee mmoja wa Niania, ambaye leo ana umri wa miaka sitini na zaidi, alikuwa kijana wakati huo. Kazi yake ya kwanza kwa wageni ilikuwa kusukuma. Mvua ya Ituri ikinyesha siku mbili, RN4 ilikuwa inageuka madimbwi ambayo lori liliweza kuzama hadi kwenye mlango. Vijana wa kijiji walikuja na majembe na magogo, wakachimba, wakasukuma, wakalipwa. Siku moja kiongozi wa msafara alimuuliza kama anajua msitu. Alijibu ndiyo. Alikuwa akisema Kiswahili, Lingala, Kindaka na Kifaransa kidogo cha shule, na alikuwa na marafiki Wambuti. Alipanda lori, akafika nao Epulu, akarudi kwa miguu na kwa kuomba nafasi kwenye magari. Baadaye akafanya hivyo mara nyingi.

Hadithi yake inafaa kusikilizwa leo, kwa sababu kila mara watu wa Ituri wanapozungumza juu ya amani, kuna mtu anayesema kwamba siku moja watalii watarudi. Neno hilo ni zuri. Lakini watu wachache wanauliza swali linalofuata: wakirudi, Niania itapata nini?

Safari ilianzia mjini

Wageni wa zamani hawakuanza na msitu. Walianza na Kisangani, na hata leo mtu akipanga safari ya siku sita ao saba kwenye njia hii, siku mbili za kwanza ni za mji huo. Kuna sababu. Henry Morton Stanley aliweka kituo hapo mwaka 1883, na mji ukaitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu wa Zanzibar, alifanywa gavana wa eneo la maporomoko kwa niaba ya Mfalme Leopold wa pili. Watu wake walikuwa wakitafuta pembe za ndovu na watumwa, na vijiji vingi viliumia. Kiswahili kinachosemwa Kisangani kilifika na misafara hiyo. Patrice Lumumba naye aliishi katika mji huo na kufanya kazi katika posta kabla ya kuwa mwanasiasa wa kitaifa.

Lakini kitu ambacho kila mgeni anakwenda kuona ni Wagenia. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yamepangana kwenye mto kwa umbali wa kilometa 100 hivi, kutoka Ubundu hadi Kisangani. Mashua haiwezi kupita, na ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli ya kilometa 125 kati ya miji hiyo miwili. Kwenye maporomoko ya mwisho, karibu na mji, wavuvi Wagenia wanasimika miti mikubwa ndani ya mianya ya mawe, wanaifunga kwa kamba za msituni, kisha wananing'iniza mitego yenye umbo la pia kubwa, iliyosukwa kwa fito. Maji yenye nguvu yanasukuma samaki ndani ya mtego, na kwa sababu ya nguvu hiyo samaki hawezi kurudi nyuma. Mvuvi anapanda juu ya miti, anakagua, anashuka na samaki wake.

Mzee wa Niania alifika huko mara mbili pamoja na misafara, na anasema jambo lililomshangaza halikuwa samaki. Ni namna Wagenia walivyopanga mambo. Mgeni hakuanza kupiga picha kabla ya kuzungumza na wakubwa wa mahali. Palikuwa na ubishi, ndiyo, na wageni wengine walikasirika, lakini mwishoni kuna kitu kilichobaki mkononi mwa wenye mto. Kwake hilo lilikuwa somo la kwanza la utalii, na anasema Niania haikulijifunza.

Mwongozaji wa leo ana mambo mengine ya kuonyesha mjini: soko kuu, kanisa kuu la Rosari karibu na mto, baiskeli za kubeba abiria zinazoitwa toleka, sahani ya lituma na samaki. Akiwa mkweli, atasema pia habari ya mwezi wa sita 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji kwa siku sita. Mamia ya wakaaji walikufa katika vita ambavyo havikuwa vyao. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile vya 1998 hadi 2003. Mgeni anayeona maporomoko tu bila kusikia hayo ameona nusu ya mji.

Kutoka Kisangani mpaka Niania ni zaidi ya kilometa 300. Katikati kuna Bafwasende na daraja la mto Lindi. Barabara ilikufa kabisa wakati wa vita, na watu walisukuma baiskeli zilizobeba mafuta ya mawese, chumvi na nguo kwa wiki nzima. Baadaye ikafunguliwa tena kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na Uingereza, magari yakarudi. Sehemu nyingi zimeharibika tena. Mtu anayeuza safari hii kwa wageni na kuwaambia idadi ya masaa, bila kusema kwanza kama ni wakati wa mvua ao wa jua, hawajui madereva wa RN4.

Okapi hapatikani kama simba

Kutoka Niania kwenda Epulu ni zaidi ya kilometa 70. Hapo kati mgeni anaingia katika Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, ikawekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ukubwa wake ni zaidi ya kilometa mraba 13,700, karibu sehemu moja kwa tano ya msitu mzima wa Ituri.

Wakaaji wengi wa Kongo wanajua jina okapi kwa sababu ya redio iliyofunguliwa mwaka 2002, si kwa sababu wamemwona mnyama mwenyewe. Kwa hiyo si vibaya kumweleza. Ni ndugu wa twiga, lakini shingo yake ni fupi zaidi. Mwili ni wa rangi ya kahawia iliyoiva, miguu na matako yana mistari myeupe na myeusi, kiasi kwamba wageni wa kwanza walidhani ni aina ya punda milia. Ulimi wake ni mrefu hata anaweza kujilamba macho na masikio. Anakula majani ya mimea ya aina nyingi, anatembea peke yake, na jike anabeba mimba kwa miezi 14 ao zaidi. Mtoto anapozaliwa anafichwa kwenye majani, na kwa wiki za kwanza hatoi choo, ili chui asifuate harufu. Wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kisayansi mwaka 1901, baada ya Harry Johnston kutuma ngozi na mafuvu Uingereza. Wambuti walikuwa wanamjua tangu zamani. Stanley mwenyewe aliandika mwaka 1890 kwamba watu wa msitu walimwambia juu ya mnyama kama punda anayekula majani.

Katika pori la wazi la Serengeti ao Masai Mara, gari linasimama na mtalii anahesabu simba, nyumbu na tembo kabla ya chakula cha mchana. Msitu wa Ituri haufanyi hivyo. Mtu anaweza kutembea siku tano asione okapi hata mmoja, na okapi akawa amemsikia mara kumi. Mzee wa Niania, aliyekulia pembeni ya msitu, anasema amemwona okapi wa porini mara mbili tu katika maisha yake, na mara zote mbili ilikuwa sehemu ya nyuma ya mnyama anayekimbia.

Wageni wa zamani walimwona kwa sababu Epulu kulikuwa na kituo. Historia yake ni ndefu. Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi kando ya mto Epulu katika miaka ya 1930, akatibu wagonjwa na kupokea wageni waliolipa kulala. Tunaweza kusema hiyo ndiyo ilikuwa hoteli ya kwanza ya watalii katika msitu huu. Mwaka 1952 Mreno Jean de Medina aliweka hapo kituo cha kukamata okapi kwa ajili ya bustani za wanyama za dunia. Kuanzia mwaka 1987 kituo kilianza kazi mpya ya uhifadhi, kwa mkataba kati ya serikali na shirika la Marekani. Okapi waliwekwa ndani ya uzio mpana wenye miti, walikatiwa majani kila siku na Wambuti na vijana wa kijiji, na msafiri aliyepiga hema kando ya mto aliwaona asubuhi wakila.

Tarehe 24 mwezi wa sita 2012, kabla ya jua kutoka vizuri, kundi la Mai-Mai la Paul Sadala, aliyeitwa Morgan, liliingia Epulu. Morgan alikuwa mwindaji haramu wa tembo, na walinzi wa hifadhi walikuwa wamevuruga biashara yake ya pembe na machimbo ya dhahabu. Watu wasiopungua 6 waliuawa, wakiwemo walinzi. Ofisi zilichomwa, nyumba ziliporwa, wanawake walichukuliwa. Okapi 14 wa kituo walipigwa risasi. Hakubaki hata mmoja. Morgan alikufa mwezi wa nne 2014 alipokuwa mikononi mwa jeshi. Epulu ilijengwa tena polepole, walinzi wakarudi kazini, na tangu mwaka 2019 hifadhi inaendeshwa kwa ushirikiano kati ya ICCN na shirika la WCS. Lakini okapi wa kuonyeshwa asubuhi hawapo tena.

Kwa hiyo leo yeyote anayemwahidi mgeni kwamba atamwona okapi Epulu, anamdanganya. Kitu ambacho msitu unaweza kumpa ni kingine: nyani na ndege, alama za kwato kwenye udongo laini, tawi lililokatwa kwa ulimi, mavi ya tembo wa msitu, na hasa mtu anayeweza kusoma vitu hivyo. Bila Mmbuti anayetangulia mbele, mgeni wa Ituri anaona miti tu.

Tisheti moja

Mzee ana mjukuu wa miaka ishirini na miwili. Kijana huyo ni motari. Anabeba abiria kutoka njia-panda kwenda kwenye machimbo ya dhahabu yaliyo ndani ya msitu, pamoja na mchele, mafuta, vipuri vya mashine. Mvua ikizidi na pikipiki ikikwama, yeye mwenyewe anashuka shimoni kuosha mchanga. Babu yake anataka aache. Kwa miaka kadhaa amekuwa akimpeleka porini siku za Jumapili baada ya misa, akimfundisha majina ya miti, sauti za ndege, na tofauti kati ya alama ya okapi na ya nyati. Anaamini kwamba amani ikija, kazi ya mwongozaji itarudi, na kijana awe tayari.

Siku moja ubishi ukatokea mbele ya familia. Babu alisema mashimo ya dhahabu aliyoyajua ujanani leo ni madimbwi ya mbu tu, hakuna hata mtu mmoja aliyebaki na nyumba ya mabati kwa sababu yake. Kijana akamjibu kwa heshima, lakini akajibu. Akasema rafiki yake amenunua pikipiki kwa dhahabu ya miezi minne. Kisha akauliza: babu, wewe na wale wazungu wako wa Epulu, miaka ile yote, walikuachia nini? Mzee alinyamaza kidogo. Akasema walimpa tisheti, kisu kidogo cha kukunja, na pesa za siku.

Familia ilicheka, mzee naye akacheka. Lakini swali lilibaki, na si la familia moja tu. Wageni wa zamani walilipia safari yao yote Ulaya, kabla ya kupanda lori. Mafuta yalinunuliwa kwa mapipa Kisangani. Chakula kingi kilitoka kwenye makopo yao wenyewe. Walilala katika mahema yao. Niania iliuza ndizi, mayai, mananasi, na nguvu za mikono za vijana wa kusukuma. Misafara ilipokoma kwa sababu ya vurugu na vita, hakukuwa na nyumba ya wageni iliyobaki, hakukuwa na chama cha waongozaji, hakukuwa na darasa la shule lililojengwa kwa pesa hiyo. Ilibaki kumbukumbu.

Kwa Wambuti hali ilikuwa ngumu zaidi. Wao ndio walioingia na nyavu msituni, walioimba usiku, waliopigwa picha zilizozunguka dunia. Mwingereza Colin Turnbull aliishi nao karibu na Epulu katika miaka ya 1950, na kitabu chake cha mwaka 1961 kikawafanya wajulikane duniani kote. Kujulikana hakukuwaletea shule wala zahanati. Mara nyingi malipo ya ngoma yalipita kwanza mikononi mwa mtu mwingine, yeye akatoa chumvi, sigara ao pombe, akabaki na pesa. Mzee anakubali kwamba naye aliwahi kuona hivyo na hakusema kitu, kwa sababu kiongozi wa msafara alitaka mambo yaende haraka.

Wengine wamefanya nini?

Nchi jirani zimepitia swali hili hili. Uganda, sheria inataka asilimia 20 ya pesa za kuingia mbugani irudi kwa jamii zinazokaa karibu na mbuga. Rwanda ilianza na asilimia 5 ya mapato ya utalii wa mbuga mwaka 2005, ikafika asilimia 10 mwaka 2017, mwaka ule ule ilipopandisha bei ya kuona sokwe wa milimani hadi dola 1,500 kwa mtu mmoja. Si kwamba kila mwanakijiji ameridhika. Kuna malalamiko huko pia, juu ya nani anachagua miradi, na juu ya Wabatwa waliotolewa msituni bila kupewa ardhi. Lakini kuna kiwango kilichoandikwa, na mwanakijiji anaweza kwenda ofisini kuuliza kiko wapi.

Kuhusu safari yenyewe, majirani wamejifunza pia kuunganisha mji na wanyama bila kumchosha mgeni. Anayefika Tanzania anaweza kuona Mji Mkongwe wa Zanzibar, kisha ndege ndogo inampeleka Serengeti. Nairobi ina mbuga ya taifa tangu mwaka 1946, pembeni kabisa ya mji. Tangu mwaka 2014 visa moja ya dola 100 inamruhusu mtalii kutembea Kenya, Uganda na Rwanda. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, lakini visa hiyo haimfikishi mtu Bunia.

Na kuna usalama, ambao ndio mlango wa yote. Tangu mwezi wa tano 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Wilaya ya Mambasa imezika watu wengi kwa mikono ya waasi wa ADF, na familia nyingi zimelala porini kwa hofu. Serikali za Ulaya na Marekani zinawaonya raia wao wasije. Hata Virunga, yenye walinzi wengi na jina kubwa, ilifunga milango yake kwa wageni mwaka 2018 baada ya mlinzi mwanamke kuuawa na Waingereza wawili kutekwa. Hakuna kampuni yenye akili itakayoleta kikundi cha watalii Niania mwezi ujao, na hakuna mtu wa Niania anayepaswa kuombea hilo kabla wakaaji wenyewe hawajaweza kwenda shambani bila hofu. Barabara isiyo salama kwa mama anayebeba makemba haiwezi kuwa salama kwa mgeni mwenye kamera.

Kupanga kabla ya wageni

Hata hivyo wakati wa kungoja si wakati wa kukaa bure. Wagenia hawakupanga bei siku mgeni alipofika. Walikuwa na utaratibu wa mto kabla yake. Niania inaweza kufanya mambo kadhaa sasa, na mengi hayahitaji mfadhili.

La kwanza ni orodha. Wazee wanaojua njia za msitu, vijana wanaosema Kifaransa ao Kiingereza, akina mama wenye nyumba za kulala na za chakula: wanajulikana, lakini hawajaandikwa popote. Chama chenye daftari, mwenyekiti na mhasibu kinaweza kuzungumza na hifadhi na na wilaya. Mtu mmoja mmoja hawezi. La pili ni bei. Bei ya kulala, ya kuongoza kwa siku, ya picha, ya ngoma, iandikwe na ijulikane, ili mgeni asilipe mara tano na mwenye haki asikose. La tatu ni Wambuti: walipwe wao wenyewe, mkononi, mbele ya mashahidi wao, na wawe na haki ya kukataa kupigwa picha ao kucheza. La nne ni sehemu ya kijiji. Kabla ya kuwa na pesa, watu wakubaliane ni kiasi gani kitakwenda kwenye shule ao zahanati, na nani atashika hesabu. Kugawana pesa ambayo haijafika ni rahisi kuliko kugawana ile iliyo mezani.

La tano ni msitu wenyewe. Kila shimo jipya la dhahabu linafungua njia, njia inaleta bunduki na mitego, na nyama ya porini inashuka sokoni. Si haki kumwambia kijana aache shimo bila kumwonyesha kazi nyingine. Lakini ni haki kumwambia kwamba vitu hivi viwili haviwezi kukaa pamoja muda mrefu. Duniani kote okapi wa porini anaishi Kongo tu. Akiisha hapa, hakuna nchi nyingine ya kwenda kumtafuta.

Mjukuu wa mzee bado ni motari. Jumapili nyingine anakwenda porini na babu yake, nyingine anakwenda machimboni. Familia imeacha kumgombeza. Hivi karibuni alinunua daftari, akaanza kuandika majina ya miti ambayo mzee anamtajia, kwa Kindaka upande mmoja na kwa Kiswahili upande mwingine. Anasema si kwa ajili ya wazungu. Anasema mzee amezeeka, na akiondoka, hakuna mwingine nyumbani anayejua majina hayo.